Ndengu Zisizo na Mawe

Enzi zetu, sisi tuliokulia nyumba za chumba kimoja karibu na Soko la Burma, huzuni ya Kiingereza ilikuwa moja tu: "sad". Tuliijua kutoka kwenye chati ya ukutani darasani, uso wa duara wenye mdomo ulioinama chini, jirani ya "happy" na "angry". Tuliisoma kwa sauti pamoja na majina ya wanyama ambao hatukuwahi kuwaona, na hakuna aliyetoka nayo nje ya geti.

Nje tulikuwa na mambo yetu. Tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka moshi wa nyama choma utukumbushe njaa, tukamumunya mabuyu hadi ndimi zikawa nyekundu. Rafiki yangu Wanza aliishi mlango unaotazamana na wetu. Baba yake alikuwa dereva, akahamishwa kikazi, wakapakia vitanda kwenye lori wakaenda. Asubuhi iliyofuata nilimwita dirishani kwa mazoea, sauti yangu ikanirudia kutoka chumba kitupu.

Nililia darasani. Mwalimu akaniuliza kwa Kiingereza nina nini, na shuleni kwetu aliyejibu kwa Kiswahili alivishwa kibao shingoni mpaka amnase mwenzake wa kumpokeza. Nikafuta makamasi, nikasimama wima.

"I am sad, teacher."

"Very good. Sit down."

Wenzangu wakanipigia makofi ya kilo, kama ilivyokuwa desturi kwa sentensi iliyonyooka. Sijawahi kujihisi peke yangu kama siku hiyo niliyopigiwa makofi.

Nyumbani mama hakuuliza kitu. Alinitazama nikivua viatu, akasogea kwenye benchi nikae, akaniwekea ungo mapajani.

"Hebu nisaidie kuchagua ndengu."

Ndengu zilitoka kwao Kitui, zikija na mawe yake yote. Tukayatoa moja moja. Jirani yetu Mama Atieno akaja na ungo wake, naye hakuuliza. Kabla maji hayajachemka nilikuwa nimesema yote, Kikamba na Kiswahili vikipandana, na hakuna aliyenisahihisha.

Leo naishi mtaa wa Pipeline, ghorofa ya sita, na binti yangu Mueni. Huyu huzuni ya Kiingereza anayo ya kugawia watu. Wi-fi ikikatika yuko "frustrated". Chipsi zikipoa yuko "disappointed". Jumatatu ikifika yuko "overwhelmed", na bado hajatoka kitandani. Sisi tulikuwa na neno moja na tukalitunza. Huwa namtania hivyo, naye hucheka.

Lakini tangu baba yake afariki tumebaki wawili, na wiki hii hajacheka. Anakula chumbani, sahani nazikuta mlangoni. Jumapili nikabisha.

"Niko tu low, mathe. Usijali."

Maana yake niliijua. Nikasema "sorry", akasema "it's okay", kila mmoja akabaki upande wake wa mlango. Nilikuwa mpweke, na nilijua naye ni mpweke, na mbao zenyewe ni nyembamba hivi kwamba nilimsikia akivuta kamasi.

Nikafungua pakiti ya ndengu, nikaimwaga kwenye ungo, nikamwita aje anisaidie kuchagua. Akatoka na blanketi mabegani, akaketi kando yangu kwenye kochi. Nikashusha pumzi. Akapitisha vidole mara chache.

"Mum, si hizi ni zile za supermarket? Hazina mawe."

Kweli, hazikuwa nayo. Akangoja kidogo, labda niseme kitu, kisha akanirudishia ungo taratibu na kuingia chumbani.

Enzi zetu kilo moja ya ndengu ilikuwa na mawe ya kumkalisha mtoto mpaka moyo ufunguke. Nilibaki kwenye kochi, pale alipokaa pakiwa bado na joto, nikizigeuza zile ndengu safi, nikitafuta hata jiwe moja nimwite tena.