Usiukaribishe Mlio

Haya sikusimuliwa na mtu. Yalitokea Mkiwa, pale njia panda, alasiri jua likiwaka, na mimi nilikuwepo. Ukitaka kucheka, cheka. Hata sisi tulianza kwa kucheka.

Ni miaka ile biashara za watu binafsi ziliporuhusiwa, vitu vya mtumba vikaanza kufika hadi kwetu. Mama Salome, mzaliwa wa Ihanja, alifungua chumba cha kuchapa barua na kutoa fotokopi. Kompyuta ilikuwa moja, mchapaji ni mimi. Na ilivyokuwa na kelele, we acha! Ukikosea kidogo tu inagonga: ngo! Utadhani mtu yuko mlangoni. Kitufe cha kupunguza sauti kilikwisha kung'oka.

Sasa, unayajua malezi yetu. Mlango ukigongwa, mdomo huitikia kabla ya akili. Mama Salome alikuwa akimnyonyesha binti yake nyuma ya meza, mashine ikigonga, utamsikia: "Karibu!"

"Unamkaribisha nani, dada?"

"Ah, mdomo huu! Na wewe chapa vizuri, unaniletea wageni."

Basi siku hiyo upepo ulikuwa unavuma, nikakosea herufi. Ngo!

"Karibu!"

"Nimeshakaribia."

Tuligeuka. Kwenye benchi, upande wa mlangoni, alikuwa ameketi bibi mmoja aliyejifunga kaniki. Hatukumwona akiingia. Nje vumbi lilikuwa limewajaa watu hadi kwenye kope, lakini miguu yake ilikuwa misafi kana kwamba haijawahi kukanyaga chini.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

Nikarudia. Niamini, mzee wa kwetu anaweza kukunyima maji, lakini marahaba hakunyimi. Yeye alikuwa akimtazama mtoto tu.

"Nimekaribishwa mara nyingi," akasema. "Nipe nimpakate."

Mama Salome akamkumbatia mwanawe. Kidole changu kikateleza, kikabonyeza pasipotakiwa. Ngo! Na neno likamtoka mwenzangu bila kutaka: "Karibu!" Bibi hakuinuka, naapa, ila sasa alikuwa katikati ya benchi. Nikabonyeza tena vibaya. Ngo! "Karibu!" Magoti yake yakawa yanagusa meza yetu.

Hapo nikaelewa. Utaniuliza, kwa nini sikuchomoa waya? Soketi ilikuwa nyuma ya mgongo wake. Kwa nini hatukukimbia? Mlango ulikuwa upande wake.

"Dada, jizibe mdomo!"

Akajiziba kwa khanga. Mimi nikaanza kuizima ile milio. Kazi yenyewe si ngumu, hata wewe utaiweza: unafungua mipangilio, unatafuta alama ya spika, unachagua "bila mlio", kisha unathibitisha. Shida ni moja tu. Kila ukibonyeza pasipotakiwa, mashine inagonga, na kidole chenye hofu hubonyeza pasipotakiwa.

Ngo!

Neno likapenya kwenye khanga, zito, kama la mtu anayeota. Mkono mkavu ukavuka meza, ukaushika unyayo wa Salome. Mtoto hakulia. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Aliacha kunyonya, akatulia kama anayesikiliza.

Nikakishika kipanya cha kompyuta kwa mikono miwili, nikauvuta mshale polepole kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Bila mlio. Nikathibitisha. Mashine ikawa bubu.

Bibi akainamisha kichwa, akangoja. Tuliusikia upepo tu. Kisha vidole vikaachia, kimoja kimoja. Nikafumba macho kwa vumbi lililoingia, na nilipoyafumbua benchi lilikuwa tupu.

Salome sasa ni mtu mzima. Unyayo ule wa kushoto haujawahi kupata joto, hata kiangazi. Mama yake akibishiwa hodi haitikii. Huchungulia dirishani, amtazame mtu usoni, amwamkie na kusubiri jibu, ndipo afungue. Majirani humwita mchoyo. Waache waseme.

Nawe nakusihi. Simu yako, kompyuta yako, zima milio usiyoihitaji. Usiharakishe, utaweza. Na kitu kikigonga, usiitikie kwa mazoea tu.

Kwa sababu yule bibi hakuaga. Na kwetu, mgeni asiyeaga hajaondoka.