Mama Povu na msamaha uliochelewa miaka kumi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mlango wa chumba cha kufulia cha hospitali unafunguliwa, mvuke unatoka kabla ya watu. Ndani, mwanamke mfupi aliyevaa aproni ya mpira anavuta mashuka yaliyolowa kutoka kwenye mashine kubwa. Midomo yake haitulii.

"Astaghfirullah," anasema, shuka linatua kikapuni. "Astaghfirullah." Lingine linafuata.

Wenzake wanamwita Mama Povu. Ana miaka hamsini na minne, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimalizia humu. Wafanyakazi wageni hudhani anahesabu mashuka.

"Mmoja aliniuliza nimefika ngapi," anasema akicheka. "Nikamwambia, mwanangu, hesabu hii anayo Mwenyezi Mungu, si mimi."

Kicheko kinakatika anapoeleza alivyoanza istighfari hiyo.

Miaka kumi na moja iliyopita yalipotea mashuka kumi na manne. Msimamizi aliwaita wote, akauliza nani ameona nini. Mama Povu akasema alimwona mwenzake, waliyekuwa wakikunja naye mashuka meza moja, akitoka na mfuko uliojaa.

"Mfuko niliuona kweli. Kilichokuwa ndani sikukiona. Lakini nilisema kama niliyekiona."

Mwenzake alifukuzwa siku hiyohiyo. Miezi mitatu baadaye mafundi walisogeza mashine mbovu, na mashuka yote kumi na manne yakakutwa nyuma yake, yameota ukungu. Msimamizi alikuwa amehamishwa. Mama Povu aliyatupa, akanyamaza.

"Niliogopa kibarua changu kuota nyasi. Watoto walikuwa watatu, baba yao kitandani."

Ndipo alipoanza kuomba maghfira: kila baada ya swala, kila alfajiri kabla ya kuondoka nyumbani, kila shuka lililopita mikononi mwake. Binti yake mkubwa anakumbuka. "Mama alikuwa analia kwenye mswala. Tukimuuliza, anasema ni mafua. Mafua ya miaka kumi!"

Mwaka jana, kwenye darsa la wanawake, mwalimu alizungumzia toba. Akasema dhambi iliyo kati ya mja na Mola wake, mja aombe na asikate tamaa. Lakini haki ya mtu, arudishiwe mwenyewe kwanza.

"Nilihisi macho yote yananitazama mimi," anasema Mama Povu. "Kumbe hakuna aliyenitazama."

Ilimchukua wiki tano kumtafuta mwenzake. Alimkuta barazani kwake, anashona sare za shule kwa cherehani. Alibisha hodi, akakaribishwa, akashindwa kukaa. Akasema yote akiwa amesimama.

Mshonaji hakusimamisha cherehani mpaka upindo ulipokwisha.

"Nilijua," akamwambia. "Fundi mmoja aliniletea habari wiki ileile mashuka yalipoonekana. Nimekusubiri, dada. Mwaka wa kwanza nilikusubiri kila siku."

"Nisamehe."

"Uliponisema, ulinisemea hapa?"

"Hapana. Kazini."

"Basi nenda kaseme hukohuko. Kisha urudi."

Jumatatu iliyofuata, mbele ya wafanyakazi kumi na tisa na msimamizi mpya, Mama Povu alikiri. Kuna aliyeguna, kuna aliyetoka nje. Alipewa barua ya onyo, akavuliwa ukuu wa chumba alioufikia baadaye na kurudishwa kwenye mashine, kazi ya vijana wenye migongo mizima.

"Mgongo unauma," anasema. "Lakini usingizi ninaupata."

Hospitali pia iliandika barua ya kumsafisha mwenzake. Mama Povu aliipeleka mwenyewe. Mshonaji aliisoma mara mbili, akamwita mumewe naye aisome kwa sauti, majirani wasikie.

Je, amemsamehe? Mshonaji mwenyewe anajibu bila kuzunguka. "Kwa mdomo nimeshamsamehe, na Mungu ni shahidi. Moyo una mwendo wake. Siku nyingine namwona anakuja, nafurahi. Siku nyingine natamani nifunge mlango. Lakini sijaufunga."

Mama Povu humtembelea kila Ijumaa alasiri. Humsaidia kushona vifungo, maana cherehani haiwezi. Siku nyingine huzungumza, siku nyingine hushona tu mpaka jua lipungue.

Istighfari hakuiacha. "Zamani nilikuwa naomba kama mtu anayekimbia," anasema, akifunga mlango wa mashine. "Siku hizi naomba polepole."

Mwezi ujao binti wa mshonaji anaolewa. Kadi zimeanza kugawiwa, na Mama Povu bado hajapata yake. Hajauliza, na anasema hatauliza.

"Nikialikwa, nitakwenda mapema niwaoshee masufuria. Nisipoalikwa, nitamwombea binti kheri nikiwa nyumbani. Na Ijumaa inayofuata nitakwenda vilevile, kama kawaida. Vifungo haviishi."