Namba Iliyogongwa Ukingoni mwa Diski

Siku yangu ya kwanza gereji nilipewa ndoo ya dizeli, brashi na rundo la vyuma vya kuosha. Nilikuwa na elimu ya darasa la saba, na aibu ilinizidi hata shikamoo ilinishinda. Fundi Mkuu alinitazama nikiosha mpaka mchana, akasema, "Huyu Bubu ana mikono." Jina likabaki. Songea mjini wengi hawajui jina langu la ubatizo.

Kutoka kuosha nilipandishwa kwenye tairi, kisha kwenye breki, na huko nilikaa miaka sita. Breki za mbele za gari la kasi zina diski, yaani sahani nzito ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Ukikanyaga, pedi mbili huibana huku na huku. Diski ikichimbika, pedi hutetemeka juu yake na gari hupiga mluzi. Kwetu diski iliayo haitupwi. Inapelekwa kwenye mashine ya kukerezea, inakwanguliwa mpaka ing'ae, inarudishwa. Fundi Mkuu aliipenda mashine ile kuliko nyumba yake. "Kutupa chuma ni tabia ya watu wa Dar," alisema.

Mimi husoma polepole, kwa hiyo kilichoandikwa kwenye chuma hukisoma mpaka mwisho. Ukingoni mwa diski kuna namba ndogo iliyogongwa. Ni unene wa mwisho. Chini ya hapo diski hupata moto upesi na inaweza kupasuka. Namba hiyo niliijua nikiwa nimechelewa.

Mnunuzi mmoja wa korosho wa Tunduru, tukimwita Alhaji, alikuwa na gari la chini lenye turbo. Breki zake za mbele zilikuwa zimelia mara mbili, na mara zote mbili diski nilizikereza mimi. Alipolileta mara ya tatu alisema, "Kesho nashuka Mbamba Bay harusini, na mke na watoto. Sitaki nifike napiga tarumbeta."

Nikafungua tairi, nikatoa diski, nikachukua vanea, kile kipimo cha kubana chuma. Namba ilisema milimita ishirini na mbili. Vanea ilisema ishirini na moja na kidogo. Kilichopungua nilikikwangua kwa mikono yangu.

"Fundi, hizi hazikerezwi tena. Tuagize mpya Dar, zije na basi."

"Leo Bubu anahutubia!" Fundi Mkuu aliwageukia mafundi, wakacheka. "Kereza, mwanangu. Mteja ana safari."

"Zitapasuka mlimani, akishuka Mbamba Bay."

"Nimefunga breki kabla mama yako hajaolewa. Ilipasuka ipi?"

Alhaji akatazama saa. "Wallahi, mimi nataka kelele ziishe tu. Mengine tumwachie Mungu."

Fundi Mkuu akanyoosha mkono aichukue diski. Sikumpa. Niliiweka juu ya fuawe, nikashika nyundo kubwa, nikapiga mara tatu. Chuma cha diski hakipindi. Kilivunjika vipande viwili.



"Vua ovaroli," alisema Fundi Mkuu.

Nikavua. Alhaji alinitukana mpaka sauti ikamkauka, maana harusi sasa ingempita. Diski mpya zilikuja siku ya tatu, akazifunga fundi mwingine. Mimi niliondoka na nusu ya ile ya zamani.

Wazee husimulia kazi zao wakiisha kustaafu. Mimi nilistaafishwa kwa maneno mawili, ningali kijana, na sikuomba radhi. Sitaomba. Ninachojutia ni zile mara mbili za kwanza, nilipokereza bila kupima kwa sababu mkubwa alisema. Wewe unayeanza kazi hii utaambiwa mkubwa hakosei. Anakosea. Soma chuma.

Sasa nina kibanda changu barabara ya Namtumbo. Ile nusu ya diski inaning'inia mlangoni, namba ikitazama nje.

Mwaka jana gari la chini lilisimama hapo. Alhaji akashuka. Hakunisalimu, hakutabasamu. Aliisoma namba ya diski ya mlangoni, kisha akanirushia funguo.

"Pima, Bubu."

Nikafungua tairi, nikapima, nikamsomea namba kwa sauti. Mafundi wa vibanda vya jirani wakageuka kusikiliza.