Samli ya Mzazi Kwenye Dumu la Petroli

Fsss. Ndivyo dumu lilivyolia dada yangu alipolegeza kifuniko, kule Natta kwa wakwe zake, na hata sasa naweza kuuiga mlio ule bila kukosea. Samli haina pumzi ya kulia hivyo. Kabla sijajua niiweke wapi mikono yangu, harufu ilikuwa imeshamfikia kila aliyekaa barazani.

“Petroli,” akasema mama mkwe wa dada, taratibu, kama anayemtambulisha mgeni. Halafu akaanza kucheka. “Nyie watu wa Tarime, hata mtoto mchanga mnamjazia tenki? Huyu akijamba karibu na jiko tutaungua wote.”

Watu wakacheka, nami nikacheka nao, maana mimi kucheka hakunipigi chenga. Dada hakucheka. Alikuwa mzazi wa juzijuzi, uzazi wake wa kwanza, na uji wake ulikuwa unapoa kikombeni ukisubiri kijiko cha samli ya bibi.

Samli ile bibi aliitengeneza mwenyewe nyumbani kwetu Turwa, tangu tumbo la dada lilipoanza kuonekana. Alikuwa akikipakata kibuyu cha maziwa na kukitikisa mpaka mabega yanamkataa, anapumzika, anaanza tena. Alipomaliza, ng’ombe naye akakauka maziwa. Kwa hiyo nyingine haikuwepo.

Alitaka niibebe kwenye kibuyu, kama yeye alivyobebewa. Mimi ndiye niliyekataa. Nikamwambia kibuyu kitapasuka, bodaboda inaruka mashimo. Nikaenda kwa jirani anayeuza petroli ya mpakani, nikaomba dumu moja tupu.

“Hilo litatakata?” bibi akauliza.

“Bibi, mimi nimesoma kemia.”

Nikaliosha kwa maji ya moto, sabuni ya unga na majivu. Nikaingiza pua ndani. Sabuni tupu. Nikajiona mtaalamu, kichwani nilikuwa nimeshafungua duka langu la losheni pale Bomani, lenye milango ya vioo na jina langu juu.

Na kemia kweli niliisoma, mpaka kidato cha nne nilipoishia. Somo la muungano wa kovalenti nililipenda kuliko yote, kwa sababu nililielewa kwa akili ya nyumbani. Atomi mbili zinachangia elektroni, na kila moja inazihesabu kuwa zake. Ni kama ng’ombe aliyepelekwa kwa rafiki atunzwe: mwenyewe anamhesabu, anayemkamua naye anamhesabu, na kwa ajili ya huyo ng’ombe watu wawili hawaachani. Kaboni na haidrojeni zinachangia karibu sawa kwa sawa, hakuna anayepunjwa. Ndani ya molekuli wameshikana kweli. Ila molekuli na molekuli hazitafutani sana, ndiyo maana petroli ikipata jua kidogo inaruka hewani, na ndiyo iliyosukuma kifuniko kile. Samli ina molekuli ndefu, zinalaliana, basi inaganda asubuhi na kuyeyuka mchana. Maji ni watu wengine. Oksijeni inavutia elektroni upande wake, upande mmoja unazidi, kwa hiyo maji yanashikana yenyewe kwa yenyewe na mafuta hayana nafasi humo.

Yote hayo niliyaandika kwenye mtihani na nikapata. Sikufikiria tu kwamba plastiki ya dumu nayo ni kaboni na haidrojeni, ndugu wa petroli. Petroli ilikuwa imejipenyeza ndani ya kuta za dumu, huko maji yangu na sabuni yangu yasikofika. Ilipoingia samli, ndugu mwingine wa ukoo huohuo, ikatoka kumpokea. Nilikuwa najua, na sikujua kwamba najua.

Simu ya dada ikaita. Alikuwa bibi, na bibi akiongea na simu hata majirani wanasikia.

“Mzazi amekula?”

Dada aliutazama uji wake. “Nimekula, bibi. Tamu sana.”

“Mwambie mdogo wako asante. Mimi ningeng’ang’ania kibuyu changu kikapasukia njiani. Huyo mtoto ana akili.”

Dada akakata simu, akanywa uji ule mtupu mpaka ukaisha. Hakunisema. Laiti angenisema. Bibi bado anawasimulia wageni jinsi mjukuu wake alivyoifikisha samli salama, huku akinishika mkono, na mimi natazama miguu yangu.

Kule Natta, asubuhi iliyofuata, mama mkwe aliniambia nikaimwage samli mbali, ndama na mbwa wasije wakailamba. Akataka kunipa mtu wa kunisindikiza, nikakataa. Nilibeba jembe na dumu mpaka pembeni ya shamba la mtama, nikachimba shimo. Nilipoliinamisha dumu hakikutoka kitu. Baridi ya usiku ilikuwa imeigandisha. Nikaliweka juani, nikakaa chini kuingoja. Ikaanza kulegea pembeni, kisha katikati, ya njano iliyoiva, nzuri kuitazama. Nikaimimina polepole yote, nikarudisha udongo, nikaushindilia kwa viganja vyangu.