Pakiti Ambazo Hazikurudi

Nekoye alikuwa na waya. Ulianzia kwenye nguzo ya kibanda chake cha mabati ukaishia kwenye mkuyu ulioinama juu ya mto Sosiani, na juu yake alianika pakiti za maziwa. Watoto wa shule iliyo ng'ambo ya daraja wakishamaliza kunywa maziwa yao ya serikali, yeye alikwenda na gunia, akaokota pakiti tupu, akaziosha, akazikata juu, akatoboa pembe ya chini kwa msumari na kuzijaza udongo. Hivyo ndivyo alivyootesha miche ya manispaa ya Eldoret. Siku ya kupanda, mche ulitolewa ndani ya pakiti, ukaenda ardhini, na pakiti ikarudi kwenye waya kungoja mbegu nyingine. Nimepita katika vitalu vya miti vya miji mingi, mingine yenye mabomba na vioo, lakini sijakutana na mtu mwingine aliyedai pakiti zake kwa ukali kama huyu.

Alitoka Kimilili akimfuata mume aliyepasua mbao nje ya mji. Homa ya mapafu ilimchukua mume, na Nekoye akabaki na binti wawili, chumba kimoja cha manispaa, na kazi ya kitalu. Chumba kilikuja na kazi, na kingeondoka nayo. Na wauza maziwa wa Kiplombe alizungumza Kinandi, na wakubwa Kiswahili, na miche Kibukusu. Kutukana pia alitukana kwa Kibukusu. Lugha nyingine, alisema, hazina uzito wa kutosha.

Mwaka huo ulikuwa themanini na tano, mwaka uliofuata ule wa ukame na mahindi ya njano ya msaada. Madiwani walikuwa karibu kuketi wachague meya miongoni mwao, na aliyetajwa zaidi alikuwa Diwani Phineas. Aliongoza kamati ya usafi na mazingira, na alijiita Mlezi wa Sosiani. Sifa yake kubwa ilikuwa miti. Miaka miwili kabla, mvua za Aprili zilipoanza, alileta lori la watu, wageni wenye suti na mpiga picha, wakapanda miche ya mitarakwa kando ya mto kutoka darajani hadi kwenye kitalu. Picha yake akiwa ameinama na jembe ilikuwa bado ukutani katika ukumbi wa manispaa.

Madiwani wengi walitosheka na picha. Mzee Kipyego hakutosheka. Alikuwa diwani wa upande wa Kiplombe, mfugaji, na ng'ombe wake walikunywa mto uleule.

"Mimi nikinunua ng'ombe ninashika kiwele kwanza," aliwaambia wenzake. "Sijawahi kununua kwa picha. Twende tuone hiyo miti."

Basi asubuhi moja madiwani tisa waliteremka hadi mtoni wakishika suruali zao zisiguse umande. Nekoye alikuwa akimwagilia miche maji pamoja na Rael, mwenzake wa kazi. Wote wawili waliwaona wakitembea ukingoni, wakisimama, wakitembea tena. Hakukuwa na la kuona. Vijiti vikavu vilikuwa vimesimama kwa mstari kama vigingi vya uzio usio na waya. Mti mmoja tu ulikuwa hai, karibu na kitalu. Ulizungushiwa ua wa mbao, ukawekwa kibao chenye jina la Diwani Phineas, na mfanyakazi akatumwa kuumwagilia maji kila siku. Hata huo ulikuwa wa manjano na haukufika kiunoni.

"Mheshimiwa," Mzee Kipyego akasema, "mlezi gani huyu anayezika watoto wote?"

Wawili wakacheka, kisha wakakohoa.

"Mzee, wewe ulikuwa wapi mwaka jana?" Phineas akajibu. "Ng'ombe ilikufa, mahindi ilikufa, tukala ya njano ya msaada. Mti ni nini?"

"Mkuyu haukufa."

"Mkuyu ni mzee." Phineas akatazama kando, akaona kibanda, akawaona wanawake wawili na makopo ya maji. Uso wake ukapata nafuu. "Na tena, wacha niseme ukweli. Hii miche ilitoka hapa ikiwa dhaifu. Huyu mama anaotesha kwa takataka ya watoto wa shule. Nimeshamwambia karani aandike barua. Jumatatu tutaweka mtu amesomea hiyo kazi."

Hivyo ndivyo Nekoye alivyojua kwamba amefutwa kazi. Rael alimvuta leso. "Nyamaza, Mama. Hawa ni watu wa chama."

Nekoye aliweka kopo chini.

"Mheshimiwa, shikamoo. Ile siku niliwafuata mpaka kwa lori nikiomba pakiti zangu. Unakumbuka uliniambia nini?"

"Mama, hatuna wakati..."

"Uliniambia, 'Mama, unadai takataka?' Watu wakacheka. Mimi nikarudi kwa waya yangu na mikono tupu. Hakuna hata moja ilirudi." Akawageukia madiwani wengine. "Sasa wazee wangu, karatasi haikurudi, haikuachwa kwa nyasi, haikuingia mto. Ilienda wapi?"

Nilipomwuliza Mzee Kipyego baadaye, aliniambia kwamba hapo ndipo alipoanza kutabasamu.

Nekoye aliwaongoza nyuma ya kibanda. Huko, kwenye mpaka wa kitalu, kulikuwa na mitarakwa sita iliyomzidi mtu kimo, majani yake ya kijani yaking'aa. "Hii ni ndugu ya ile," akasema. "Mbegu moja, mwezi mmoja, na ukame tulikula pamoja. Hii nilipanda mimi na Rael. Mzee, vuta huo mmoja."

Mzee Kipyego alishika shina kwa mikono miwili akavuta. Akaegemea nyuma kama anayemvuta fahali. Mti haukusogea.

"Sasa tuende kwa ule wa Mheshimiwa."

"Mti wenye jina langu hauguswi!" Phineas akasema.

Rael akamvuta leso tena. Katika miaka ile mtu aliweza kulala korokoroni kwa neno dogo kuliko hilo. Lakini Nekoye alikuwa amesimama kwenye udongo anaoujua.

"Mimi siugusi," akasema. "Ni wako. Vuta wewe mwenyewe, Mheshimiwa. Kama mizizi imeshika chini, mimi sitangoja Jumatatu. Nitafunga virago leo."

Madiwani wanane walimtazama mwenzao. Angekataa, wangeelewa; angekubali, wangeona. Phineas akaukanyaga ua, akashika mti kwa mkono mmoja, akikaza uso kama anayevuta kwa nguvu. Mti ukatoka kama figili.

Chini yake palikuwa na pakiti ya maziwa, nzima, rangi yake ya buluu bado inaonekana. Mizizi ilikuwa imejizungusha ndani yake mara nyingi hadi ikawa ngumi, na mmoja tu, mwembamba kama kamba ya kiatu, ndio uliopata tundu la msumari ukatoka kutafuta maji.

"Ni nani alipanda hii?" Phineas akauliza, bado ameushika.

"Wewe," akasema Mzee Kipyego. "Picha iko ukumbini."

Safari hii walicheka wote, na hakuna aliyekohoa. Mmoja wa madiwani waliopanda siku ile akakiri kwamba waliona ni vizuri kuacha karatasi ili udongo usichafue mikono ya wageni. Nekoye alichukua ule mti mkononi mwa Phineas, akauchuna pakiti taratibu, akaifunua mizizi kwa vidole, akaupanda tena palepale. Kisha akashuka mtoni, akaiosha ile pakiti, akaianika.

Jumatatu barua haikuja. Madiwani walipomchagua meya, Phineas alipata kura yake mwenyewe na ya shemeji yake. Meya mpya alipokuja kupanda mti katika mvua zilizofuata, mpiga picha aliinua kamera na watu wakainua mikono wapige makofi. Nekoye akasimama mbele ya kamera, kiganja wazi.

"Bado," akasema. "Pakiti kwanza."

Meya akampa.