Mlango Usiokuwamo Pichani

Burul Sadyrbekova alikuwa na miaka thelathini na tisa, na kumi na mmoja kati ya hiyo aliimalizia kwenye meza ya dirishani katika ofisi yetu ya usanifu. Mimi nilikaa nyuma yake. Mimi nachora mabomba: maji yanaingia wapi, maji machafu yanatokea wapi. Yeye alichora picha. Msanifu akishamaliza ramani, Burul aliiingiza kwenye kompyuta na kulisimamisha jengo kana kwamba limeshajengwa, jua likipiga ukutani, vioo vikimeta, watu wakipita na mikoba yao. Zahanati, mahakama, posta na ofisi za wilaya zilipita mikononi mwake kabla hazijachimbiwa msingi. Wakubwa wa serikali hawasomi ramani, wanasoma picha, na picha za Burul zilisomeka.

Majira hayo ya baridi alikuwa amepata kazi Bishkek, mji mkuu, kwenye kampuni inayosanifu hospitali tu. Alikuwa aanze baada ya Nooruz, sikukuu ya mwaka mpya ya mwezi wa Machi. Alishamwandikisha binti yake Ayzirek shule huko, na mama yake alishaanza kugawa vyombo kwa majirani. Ilibaki kazi moja: picha ya hospitali ya wazazi ya mji wa Ak-Kungey.

Ak-Kungey iko begani mwa mlima. Kiwanja cha hospitali kina barabara mbili. Ya juu inafika upande wa mashariki, sawasawa na sakafu, gari la wagonjwa linasimama mlangoni kabisa. Ya chini, ya sokoni, inapita upande wa magharibi, chini ya mteremko mkali. Msanifu alikuwa amefikiri vizuri. Mlango mkubwa aliuweka mashariki, na chumba cha watoto wachanga kando yake, kipate jua la asubuhi. Chumba cha kufulia alikitupa magharibi, kwenye upepo.

Asubuhi ya kumwonyesha mkuu wa mkoa, bosi wetu, mzee Temirkul, aliingia na ubao wa picha kwapani, jasho linamtoka.

"Burul, tumekwisha! Maandishi yamechapwa kulia, na bendera juu yake. Mlango wote umefunikwa. Mheshimiwa ataona nini, madirisha?"

"Tuchape upya, mzee."

"Maandishi yamepangwa na ofisi ya mkoa, hayahamishwi, na tuna dakika arobaini. Igeuze picha tu. Kulia iwe kushoto."

"Mlango utaenda kwenye mteremko."

"Binti yangu, hii ni picha. Nani anajenga picha?"

Burul akabonyeza mara moja, jengo likageuka kama uso kwenye kioo. Mteremko aliufunika kwa nyasi, na kwa safu ya miti mirefu myembamba aliyokuwa nayo tayari kwenye kompyuta. Ikapendeza kuliko ya kwanza.

Mkuu wa mkoa aliipenda mno. Alivua miwani, akavaa, akavua tena. Kisha akaomba kalamu, akaandika juu ya picha yenyewe, katikati ya anga: "Nimekubali. Ijengwe kama ilivyo." Msaidizi wake akagonga mhuri. Wiki hiyohiyo picha ilichapwa kubwa kama ukuta na kusimamishwa njia panda.

Wiki tatu baadaye msaidizi yule alifika kiwanjani na picha mkononi, akakuta wapimaji wanapigilia vigingi vya mlango upande wa mashariki. Akampigia simu mzee Temirkul: mbona mnajenga kinyume na alichotia saini Mheshimiwa? Mzee wetu, badala ya kusema kweli, alisema wapimaji wamekosea, na kwamba kosa litarekebishwa.

Alituita wote mezani kwake. "Tunageuza ramani," alisema.

Burul alisimama. "Mzee, wajawazito watapanda ngazi thelathini na nne. Nimepiga hesabu."

"Tutaweka njia ya mteremko kwa viti vya magurudumu."

"Kwa kimo kile itakuwa ndefu kuliko uwanja wa mpira. Na pichani haimo."

"Basi haitakuwamo." Mzee alituangalia mmoja mmoja. "Nani atakwenda kumwambia Mheshimiwa kwamba alitia saini kitu cha uongo? Wewe? Au wewe?"

Aliponifikia mimi, nilikuwa naichunguza penseli yangu. Siku iliyofuata nilianza kuyageuza mabomba.

Burul aliandika barua ya kuacha kazi. Mzee aliipokea, akaiweka kwenye kasiki, juu ya kitabu cha kazi cha Burul, chenye kumbukumbu za ajira yake, kile ambacho bila hicho hakuna ofisi ya serikali wala kampuni yenye heshima itakayokuajiri huku kwetu. Akamsogezea karatasi nyingine yenye mhuri. Ilikuwa amri ya mkuu wa mkoa, imemtaja kwa jina: mtengeneza picha Sadyrbekova B. atakaa Ak-Kungey kusimamia jengo lifanane na picha, mpaka likamilike.

"Ukiondoka sasa, si kuacha kazi tena," mzee alisema, na nadhani alisema kwa huruma. "Ni kukimbia."

Watu wa Bishkek walisema watamsubiri mwezi mmoja. Wakaongeza wa pili. Wa tatu hawakupokea simu.

Akahamia kwenye kontena pale kiwanjani, lenye dirisha moja, kitanda, na jiko la makaa ya mawe. Jumatatu alipanda, Ijumaa alishuka kwa mama yake na Ayzirek. Kila Jumatano alisimama juu ya jiwe lilelile kando ya mfereji, akapiga picha jengo kutoka pembe ileile ya kwenye ubao, na kuituma ofisi ya mkoa. Majibu yalirudi na duara jekundu. Kioo hiki kina kijani, pichani ni buluu. Miti iko wapi?

Miti! Ililetwa thelathini kutoka bondeni, ikapandwa mstari mmoja. Baridi ya usiku mmoja wa Mei iliiunguza yote. Mamasaly, msimamizi wa mafundi, mtu mnene mwenye sauti ya kuchunga farasi, alikuja kumwamsha.

"Dada Burul, toka uione bustani yako. Imekuwa mafagio."

"Si bustani yangu, kaka."

"Sasa ya nani? Mimi huku nachukua amri kwa picha yako zaidi kuliko kwa mke wangu. Ungetuchorea na gari la kokoto, lingeletwa."

Burul alicheka naye, lakini aliniambia baadaye kwamba siku ile ndipo alipoanza kulihofia jengo. Kila alichokiweka kwa mzaha, kujaza nafasi tu, kilirudi kwake kikiwa zege. Benchi alilolitupia pembeni dakika ya mwisho lilijengwa palepale, likiangalia ukuta.

Juni alikuja Zuura, mkunga mkuu wa Ak-Kungey, mwanamke wa miaka sitini anayetembea kama anakwenda kugombana. Alipanda ngazi zote thelathini na nne, akasimama juu akihema, akauliza kwa sauti: "Yuko wapi aliyechora?"

"Ni mimi, dada."

"Umewahi kuzaa, mdogo wangu?"

"Mara moja. Binti."

"Siku hiyo ulipanda ngazi ngapi?"

Burul aligeuka, akaziangalia ngazi.

"Mimi ninao wanaokuja wanatambaa," Zuura alisema. "Ninao wanaoletwa juu ya farasi. Januari hapa ngazi ni barafu tupu. Niambie, nitawavuta kwa kamba?"

Burul alimpeleka ndani ya kontena, akamchemshia chai, akamweleza yote: maandishi ya kulia, dakika arobaini, kubonyeza mara moja. Zuura alisikiliza mpaka mwisho, chai ikapoa. "Kwa hiyo wote mnajua," alisema. "Wote mnajua, na mnaendelea kupanga matofali." Akaondoka bila kuaga.

Mwezi wa Julai mkuu wa mkoa alikuja kukagua. Burul alikuwa amejiandaa siku nne, maneno ameyakariri. Mheshimiwa alikuwa mpole kuliko tulivyotegemea. Alimshika mkono kwa mikono miwili.

"Binti, picha yako iko mbele ya meza yangu. Kila asubuhi naiangalia kabla ya chai."

"Mheshimiwa, picha ile ina kosa. Niliigeuza. Mlango ulipaswa kuwa upande wa pili, huku kwenye barabara ya juu."

Mzee Temirkul alianza kucheka kicheko kikavu. "Anatania, Mheshimiwa. Wasanii hawa."

Mkuu wa mkoa alilitazama jengo, akamtazama Burul kwa upendo wa kweli. "Uliigeuza? Basi ulifanya vizuri sana. Mlango ungekuwa upande ule, nani angeuona kutoka sokoni?" Akampigapiga begani, akaenda kula. Alichinjiwa kondoo.

Burul alibaki amekaa kwenye ngazi ya kumi na mbili. Alikuwa amesema kweli kwa sauti, mbele ya mashahidi, na haikubadili hata tofali moja. Mpaka hapo alijua kwamba akizidiwa kabisa kuna kitu kimoja bado anacho, kusema. Sasa hata hicho hakuwa nacho.

Agosti ndipo alipomfuata Zuura nyumbani kwake, na ramani chini ya koti. Aliikunjua juu ya kitambaa cha chakula, katikati ya bakuli za krimu.

"Tazama, dada. Jengo lilipogeuka, chumba cha kufulia kimekuja mashariki. Kiko sawa na barabara ya juu. Hakionekani kutoka kwenye jiwe ninapopigia picha."

Zuura aliinama. "Hakina mlango."

"Nitauweka. Nitaandika ni wa kuingizia vitanda na mashine nzito. Ukishakuwepo, utautumia unavyotaka."

"Nguo nitafulia wapi?"

"Chini, chini ya ngazi zile kubwa. Pana nafasi kama ya ghala."

"Na watoto wangu wachanga?"

Burul alikuwa akiliogopa swali hilo. "Watoto watabaki kwenye upepo. Kile chumba siwezi kukigeuza. Nitaongeza vyuma vya joto viwili na dirisha la tabaka tatu."

Zuura alimsukumia mkate. "Kula," alisema. Ndilo neno la kwanza la upole alilowahi kumwambia.

Mamasaly alitaka saini ya mzee Temirkul. Mzee aliposomewa habari kwenye simu alisema mtandao mbaya, hasikii, akakata. Alipigiwa mara tatu, mara tatu hakusikia. Basi Burul akasaini peke yake, jina kamili na tarehe, na ukuta ukatobolewa siku hiyohiyo kabla mtu hajabadili mawazo.

Hospitali ilifunguliwa Oktoba. Utepe ulikatwa juu ya ngazi kubwa, watoto wa shule waliimba, Mheshimiwa alihutubia. Wiki moja baadaye ngazi zile hazikuwa na mpitaji ila mbuzi. Gari la wagonjwa lilifika kwa barabara ya juu, wanawake wakaingizwa kupitia chumba cha kufulia, na Zuura akabandika pale kibao cha mapokezi alichokiandika kwa mkono.

Tulidhani Burul sasa yuko huru. Mzee Temirkul alimrudishia kitabu chake cha kazi, hata akamletea sanduku la tufaha. Kampuni ya Bishkek ilikuwa na nafasi tena, walimwambia alete faili lake mwaka mpya.

Novemba mkuu wa mkoa alihamishwa. Mpya alileta wakaguzi wapitie majengo yote ya aliyemtangulia. Ak-Kungey walikaa siku mbili. Ngazi hawakuzigusa, zilikuwa na saini na mhuri. Mteremko, miti iliyokufa, benchi linaloangalia ukuta, vyote vilikuwa vimekubaliwa kihalali. Katika jengo zima waliona kosa moja tu: mlango wa mashariki, usiokuwamo pichani wala kwenye ramani iliyopitishwa, uliotobolewa kwa saini ya mtu mmoja asiye na mamlaka.

Zuura aliwafokea, hata akatishia kuwafungia ndani. Waliandika kwamba mkunga hakutoa ushirikiano. Burul alipewa onyo kali la maandishi na kukatazwa kusaini mchoro wowote kwa miaka mitatu. Faili lilipofika Bishkek, walijibu kwa adabu, mistari miwili.

Mlango wenyewe haukuzibwa. Wakaguzi waliagiza uzibwe, lakini gari lililowaleta lilikuwa limeegeshwa palepale, na Mamasaly aliwauliza wao wangetokea wapi.

Hiyo ni miaka miwili sasa. Burul yupo kwenye meza ya dirishani, anachora picha ambazo wengine wanasaini. Ayzirek anasoma shule ileile ya zamani. Mama yake alinunua vyombo vingine, hakuthubutu kudai vile alivyogawa. Mchana tunakwenda pamoja kula lagman, tambi za mchuzi wa nyama, na kwa muda mrefu sikuwa na uso wa kumuuliza, kwa ajili ya penseli ile. Juzi nikamuuliza: angejua yatakayompata, angeacha kuutoboa ule mlango?

Alimeza kwanza.

"Ningeuongeza upana," alisema. "Kitanda kinapita kwa shida, Zuura analalamika kila wiki. Sentimita ishirini tu. Nilikuwa na haraka."