Ndege ya Ramu

Karani mmoja wa tikiti za ndege hapa Ruiru alinikasirisha wiki hii, na hasira yangu inajulikana mpaka mtaa wa Kimbo. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa shosho, bibi wa watu, aliyetaka kuona nyumba za kale za Lamu kabla miguu haijamkatalia ngazi.

"Nataka ndege ya Ramu," akasema.

Karani akaziba mdomo, mabega yakicheka. "Shosho, Ramu iko huko Mandera. Enda ujifunze kutamka, kisha urudi."

Shosho akaanza kufunga kibeti. Nikagonga kaunta hadi kalamu zikaruka. "Na wewe, mji huu unaitwaje?"

"Luilu," akajibu.

Shosho akafungua kibeti tena. "Basi niandikie, mwanangu. Kutoka Luilu mpaka Ramu."